Vidole vya Bi Laini vimekufa ganzi

Saa moja asubuhi anapangusa meza, anavuta kiti, kisha anaingiza vidole vya mkono wa kulia katika kisanduku chenye matundu matano. Anabonyeza swichi. Ndani, magurudumu madogo ya mpira yanaanza kuvikanda vidole. Anahesabu hadi thelathini, macho yakiwa mlangoni.

"Laini," anamwambia mwenzake anayefunga katoni.

Ni uongo. Hajui kama ni laini.

Mama huyu wa watoto watatu ana miaka kumi na mmoja katika karakana hii. Mashine zinazoundwa hapa huwasaidia watu waliopatwa na kiharusi, na sheria ni moja: hakuna inayotoka bila kupita kwenye mkono wa mtu. Mkono huo ni wake, mashine sitini kwa siku. Springi inayobana magurudumu ikikazwa kupita kiasi, yeye ndiye husema "rudisha", na fundi huilegeza. Wenzake humtania kwa jina la Bi Laini.

Huu ni mwezi wa pili ncha za vidole vyake zimekufa ganzi.

Aligundua nyumbani. Alimgusa kitinda mimba wake kwenye paji la uso, akasema hana homa, mtoto akaenda shule. Saa nne mwalimu akapiga simu: mtoto anaungua.

"Nikajaribu mkono wa kushoto," ananiambia. "Kumbe huo ulishatangulia! Nilikaa chini nikaogopa, mwanangu, nisikufiche."

Tangu hapo hupima kwa masikio, maana mashine iliyokazwa sana hunguruma. Lakini juzi mashine moja iliyokazwa sana ilizunguka kimya. Akasema "laini", akachomoa mkono. Ukucha wa kidole cha kati ulikuwa umevilia damu.

"Sikusikia kitu. Niliona tu."

Hiyo aliirudisha kwa fundi. Kinachomtia hofu ni katoni ya mashine kumi na mbili iliyoondoka asubuhi ileile kwenda wodi ya wagonjwa wa kiharusi. Springi zake ni za fungu moja na za ile iliyomuumiza.

"Wale nao vidole vyao havisikii," anasema. "Mimi sikusikia, wao hawatasikia. Nani atapiga kelele?"

Dada yake amemsihi anyamaze, kwa kuwa mkataba wake unaisha mwezi huu. "Funika kombe mwanaharamu apite," alimwambia. Ni ushauri mtamu, na wengi wetu tungeufuata. Lakini yeye kwa siku mbili ameshindwa kula.

Saa tatu anazima mashine kabla hajamaliza kuhesabu, anamfuata msimamizi, kijana anayemwita mama.

"Baba, zile kumi na mbili zirudi. Nimezipima kwa vidole vilivyokufa."

Msimamizi anamkodolea macho, kisha anainua simu. Hospitali wanajibu kuwa tisa bado zimefungwa. Tatu zinatumika tangu jana.

Kuhusu kazi, anasema anataka kwanza atibiwe, halafu, Mungu akipenda, arudi hata kufunga katoni. Lakini hayo anayasema haraka haraka, kama mtu anayejibu salamu njiani. Ameinama kuelekea simu.

"Waambie wasiwaulize wagonjwa kama inauma," anasema. "Wawatoe vidole kwenye mashine sasa hivi, waangalie kucha."