Mtoto Chini ya Taa ya Bluu Bahari

Juzi, katika saluni moja ya Lushoto mjini, nilimkuta dada mmoja amelala chini ya taa ya bluu bahari. Wanasema inasafisha ngozi. Nikamkumbuka mdogo wangu alipokuwa mchanga, macho yakiwa ya manjano.

Hospitali walimlaza na nepi tu chini ya taa ya rangi hiyohiyo, amefungwa kitambaa machoni. Wodi ilinuka dawa ya kudekia na sweta zetu zilizoloa ukungu, na taa ilivuma kama nyuki. Niliamini wanambadilisha rangi ili wampe mtu mwingine.

"Shikamoo. Kwa nini mmemfunga macho?" nilimuuliza muuguzi.

"Marahaba. Ili mwanga usimuumize."

Sikumwamini. Bibi naye hakumwamini. Alininong'oneza kwa Kishambaa nisibanduke pale. Nikasimama mchana kutwa, nikimchunguza kila aliyeingia na blanketi. Leo najua taa ile ndiyo iliyomponya.

Jioni muuguzi alimtoa, akamfunika blanketi na kumpa mama amnyonyeshe. Nilimfunua miguu, nikatafuta kidole chake cha mwisho, kilichopinda kama changu. Nikakiona.

"Ni wetu," nilimwambia mama, ndipo nikakubali kwenda kula.