Mtoto wa Maji ya Bomba

Nimesema uongo mwingi maishani, mwingine nimeshausahau, lakini ni mmoja tu ulionitembeza kwa miguu. Niliusema nikiwa na miaka kumi na minne, nyumbani kwetu Magomeni, siku chache baada ya bomba la maji kuwekwa kwenye kona ya mtaa wetu. Ilikuwa ile miaka ya Mwingereza baada ya vita vya pili. Mama alilifurahia bomba lile kuliko alivyofurahia watoto wake, na siku hiyo hiyo akanitangazia kwamba safari za mtoni zimekwisha.

Wasichana wa leo hawawezi kujua uzito wa maneno hayo. Mimi nilikuwa mwari. Barazani sikai, sokoni siendi, na nikichungulia dirishani napigwa kofi la mgongo. Mahali pekee nilipokwenda bila kuulizwa ni Mto Msimbazi, kwa sababu nyumba haikai bila maji. Huko tulifua, tulioga, tulisukana nywele, na tuliwasema watu wote waliobaki mjini. Debe moja lilituchukua asubuhi nzima. Sasa naambiwa bomba liko hatua ishirini kutoka mlangoni, niende nirudi.

Nilichota debe la kwanza, nikalitua mbele ya mama, nikasema kwa sauti ya mtoto mwenye adabu zake, "Mama, watu wanasema maji haya yametiwa dawa ya kufunga uzazi."

"Watu gani?"

"Watu tu, kule bombani. Eti Mzungu hataki tuzaane."

Nilikuwa nimeyatunga hapo hapo, kati ya bomba na mlango. Kilichoniokoa ni harufu. Maji yale yalinuka dawa kweli, ile wanayotia kuua vijidudu. Mama akainama, akanusa. Kisha akalibeba debe mwenyewe akayamwaga maji yote kwenye migomba. "Lisemwalo lipo," akasema. Kesho yake nilikuwa mtoni.

Nilidhani mambo yataishia migombani. Haukupita mwezi, uongo wangu ukarudi nyumbani umenenepa. Jirani alimweleza mama habari za mwanamke wa Ilala aliyezoea maji ya bomba, na sasa ni mwaka wa tatu hajashika mimba. Mwingine akasema kuku wake walikunywa yaliyomwagika pale bombani wakaacha kutaga. Kuku hao niliwajua. Walikuwa wazee, na kutaga waliacha kabla Mwingereza hajafikiria kutuletea bomba.

Mwishowe akaja bwana afya, kaptula imepigwa pasi, akakusanya watu, akajaza glasi bombani akainywa yote mbele yao. Akafuta mdomo, akauliza nani ana swali. Bibi mmoja akamwambia, "Wewe mwanamume, baba. Kwani ungezaa nini?" Watu wakacheka, wakatawanyika. Nilishuhudia yote hayo dirishani, na kofi langu nikalipata.

Miaka minne baadaye nikaolewa Kinondoni. Bomba la mtaa lilikuwa mbele kabisa ya nyumba ya wakwe zangu, ukikaa barazani unalisikia linavyodondoka. Nilishukuru Mungu. Nilikuwa nimekua, umbea nilishausikia wa kutosha, na debe ni zito. Fungate ilipokwisha, mama mkwe akaniita uani.

"Mkwe wangu, nyumba hii haina taabu ya maji. Lakini wewe hayo ya mlangoni usiyaguse, yana dawa, yanafunga kizazi. Mpaka utakaponiambia una jambo, maji yako ya kunywa ni ya mtoni."

"Kwani nani kasema, mama?"

"Haa! Umekulia Magomeni hujasikia? Habari yenyewe imetoka huko huko kwenu."

Yeye aliyanywa ya bomba, kwa hoja kwamba kizazi chake kilishamaliza kazi. Mume wangu, aliyekuwa kibarua wa bandarini, aliyanywa pia, kwa kuwa wanaume hawazai. Nikabaki mimi. Bi harusi wa siku nane hana mdomo, na hata ningekuwa nao ningesema nini? Kwamba uongo ule niliuzaa mimi? Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Nikatia ngata kichwani, nikaliinua debe.

Kutoka Kinondoni hadi Msimbazi si mbali, kwa mtu anayetembea mikono mitupu. Na mto wenyewe haukuwa tena ule wa usichana wangu. Mji ulikuwa umekua, na uchafu wake wote uliteremkia mle. Madobi walikuwa wakipiga nguo kwenye mawe na mapovu yanashuka. Juu zaidi watu walichinja ng'ombe wakaoshea matumbo mtoni, na masika yakija, vyoo vya bondeni navyo vilifurika vikaungana na msafara. Maji yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Harufu yake siisemi, huenda unasoma haya ukiwa unakula.

Siku ya kwanza nilisimama ukingoni nikayatazama, nikashindwa kuinama. Nikageuka na debe tupu. Njiani, kwenye mtaa ambao hakuna aliyenijua, nikaona bomba jingine. Nikajaza, nikapumzika kivulini, nikafika nyumbani kwa wakati wa kuaminika.

Mama mkwe akachungulia ndani ya debe. "Leo mto umetakata."

Kuanzia kesho yake, kila nilipojaza nilichukua kidonge cha udongo, nikakifikicha debeni, nikakoroga kwa mkono. Serikali nzima ilijisumbua kutia dawa ili maji yawe safi, na mimi nikatia tope ili yaaminike. Nyumbani mama mkwe aliyachuja kwa kitambaa, akayamimina kwenye mtungi alioufukiza ubani, na moshi wa ubani ukaficha harufu ya dawa. Tulishirikiana vizuri sana, ila mmoja wetu hakujua. Njia ya mwongo ni fupi, wasema wahenga. Yangu ilipita mitaa mitatu kwenda na mitatu kurudi, debe kichwani.

Mwezi wa tano wa ndoa nikashika mimba. Mama mkwe alipiga vigelegele mpaka watu wakadhani kuna harusi. Hakumsifu mwanawe, wala hakunisifu mimi. Aliusifu mto. Alipita nyumba hadi nyumba akieleza jinsi mkwe wake alivyotii, na jinsi Msimbazi ulivyomlipa.

Nyumba ya pili alikaa mke wa karani mmoja, Wakristo kutoka bara. Alikuwa mdogo kwangu, mpole, na alikuwa ameolewa miaka miwili bila mtoto. Siku moja akanifuata uani, akazungusha kona ya kanga kidoleni kabla ya kusema.

"Dada, samahani. Pale mtoni, wewe ulikuwa unachota upande gani?"

Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Ilihitaji sentensi moja tu. Lakini mama mkwe alikuwa jikoni, na masikio yake yalifika mpaka barabarani. Nikanyoosha mkono kuelekea bondeni. "Kule chini," nikasema, "penye mawe."

"Asante sana, dada yangu."

Yeye hakuwa mwongo, kwa hiyo alifika mtoni kweli. Kila asubuhi nilimwona akipita na debe lake, ananiamkia huku anatabasamu. Nami niliitikia.

Majuma machache baadaye akaanguka kwa homa na tumbo, wakampeleka hospitali. Jioni yake mume wake akaja barazani kwetu. Alikuwa mtu wa maneno machache na shati lililofungwa vifungo vyote, na siku ile kifungo cha juu kilikuwa wazi. Alituambia ni homa ya matumbo. Daktari ameuliza mgonjwa alikuwa anakunywa maji gani, na hasemi kama atapona.

Niliogopa sana. Aibu haikunitisha tena. Nilichoogopa ni kwamba mtu atakufa kwa sababu mimi nilipenda kusukwa nywele mtoni. Karani alipoondoka, nikapiga magoti mbele ya mama mkwe, aliyekuwa anachagua mchele, nikamweleza yote: mama, migomba, bomba la mtaa wa tatu, udongo.

Alisikiliza mpaka mwisho bila kuacha mchele.

"Ulikuwa na miaka mingapi?"

"Kumi na minne, mama."

"Basi hukutunga wewe. Mtoto wa miaka kumi na minne hawezi kutunga jambo la kusumbua mji mzima. Ulilisikia mahali ukasahau."

"Mama, hii mimba ni ya maji ya bomba."

"Hiyo mimba ni ya mwanangu," akasema.

Nikainuka, nikatoka nje. Pale bombani kulikuwa na foleni ya wanawake, wengi wao wa umri wa mama mkwe. Nikapita katikati yao na tumbo langu, nikafungua, nikakinga viganja, nikanywa. Mmoja alipiga ukelele kama nimemeza sumu, maana wengine waliamini dawa ile huua hata mimba. Mama mkwe akatoka mbio, kanga inamdondoka. Nikasema kwa sauti ya wote kusikia, "Maji ya mtoni sijayaonja tangu nilipoolewa. Nilikuwa nachota bomba jingine, natia udongo."

"Udongo wa nini?" akauliza bibi mmoja.

"Ili yafanane na mliyoyataka."

Hakuna aliyenitukana. Nadhani wangenitukana ningejisikia nafuu. Yule bibi akasema tu, "Haya, tusubiri tuone atazaa nini." Wakasubiri. Kila asubuhi nilikunywa kikombe pale pale mbele yao, nao wakanitazama tumbo kama wanaotazama sufuria iliyoko motoni. Hata hivyo, tangu siku ile sikumwona mke wa mtu akiteremka bondeni na debe.

Mke wa karani alirudi baada ya wiki nyingi. Nywele zilikuwa zimemtoka, mikono imebaki mifupa. Nilikwenda kumwona, nikamwambia mwenyewe, maana sikutaka ayasikie bombani.

"Kwa hiyo wewe hukuwa unayanywa," akasema.

"Sikuwa nayanywa."

"Na siku ile nilipokuuliza, ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

Akageukia ukutani. Nikainuka, nikaenda zangu. Tangu hapo akawa hanisemeshi, na sikumlaumu.

Nilijifungua mtoto wa kike, mzito, mwenye sauti ya mwadhini. Mama mkwe alimpokea, akamnusa utosini, akamnusa tena. Naamini alikuwa anatafuta dawa. Kisha akatangaza kwamba mtoto huyu ana nguvu hizi kwa sababu ya bomba, na mtaa mzima ukamwita Mtoto wa Bomba. Mke wa karani naye akaja kupata watoto wawili wa kiume. Wako mpaka leo wanaoamini ni ule mto uliobaki mwilini mwake.

Lakini hilo lilikuwa baadaye. Siku ya saba ya mwanangu, wageni wakiwa wamejaa, mke wa karani aliingia mlangoni na kitambaa kichwani, kuficha nywele zilizoanza kuota. Akamtazama mtoto. Kisha akaniomba maji ya kunywa, na hayo ndiyo maneno yake ya kwanza kwangu tangu siku ya ukutani. Nikaenda bombani mwenyewe, nikamletea kwenye glasi. Akaiinua kwenye mwanga wa dirisha, akaizungusha polepole.

"Haya umeyatia udongo, dada, au hujayatia?"

Watu wakacheka. Yeye pia akacheka, kidogo, akanywa.

Sasa sote ni bibi, na kila akija kwangu huniuliza vile vile, glasi ikiwa kwenye mwanga. Wajukuu hudhani ni utani wetu wa kizee. Mimi husubiri mpaka amalize yote, ndipo nami hucheka.