Mwalimu Mugure na Sauti ya Pili

Kahawa ikichanua, Mugutha yote hunukia kwa siku tatu, kisha maua hugeuka rangi ya chai na kuanguka. Nilikuwa na miaka kumi harufu hiyo iliponipokea. Mama alikuwa amepata kazi ya zamu katika kiwanda cha nguo mjini Thika, na kwa kuwa hakuwa na wa kuniachia, alinipeleka kwa dadake, Tata Nyambura, aliyejenga nyumba ya mawe pembeni mwa shamba la kahawa lililokuwa likikatwakatwa kuwa ploti. Tata hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa maneno machache. Akirudi jioni kutoka dukani kwake, aliniuliza kama nimekula na kama nimesoma, basi. Upande wa majirani kulikuwa bado na misingi mitupu na mabati. Mgeni ni kuku mweupe, na mimi shuleni nilionekana kutoka mbali: msichana mrefu kuliko wote wa darasa la tano, mwenye sauti nzito kama ya mtu aliyeamka sasa hivi. Nikijibu swali, wenzangu walicheka. Nikaacha kujibu.

Shule yetu ilipenda sana kwaya, na kila mwanafunzi wa darasa la tano na la sita alilazimika kuimba. Mwalimu aliyekuwepo wakati huo alinisikiliza mara moja, akakunja uso, akaniambia nisimame mstari wa nyuma, nifungue na kufunga mdomo kama wengine, lakini nisitoe sauti. Hakunikaripia. Alisema hayo kwa upole, kama mtu anayekuonyesha mahali pa kuacha viatu. Basi mwaka mzima niliimba bila kuimba. Nilizijua nyimbo zote, kila neno na kila pumzi, na hakuna aliyewahi kuzisikia kutoka kwangu. Upweke wa kukaa peke yako una nafuu yake. Ule wa kusimama katikati ya watoto arobaini wanaoimba, wewe ukiwa kimya na mdomo wazi, sijaupatia jina hadi leo.

Nilipoingia la sita akaja Mwalimu Mugure. Alikuwa mwanamke mfupi wa makamo, mwenye sweta ya kahawia iliyokosa vifungo viwili, na hakubeba fimbo. Siku ya kwanza alituambia tuimbe wimbo wowote tunaoujua, kisha akapita kati ya mistari, kichwa amekiinamisha, sikio likikaribia mdomo wa kila mmoja wetu. Aliponifikia alisimama. Niliendelea kufungua na kufunga mdomo. Kisha akaenda kwa mwingine. Wenzangu walipotoka, akaniita.

"Sauti yako iko wapi?"

"Niliambiwa nisitoe, Mwalimu. Naharibia wengine."

Hakuuliza ni nani aliyeniambia. "Niimbie noti moja tu. Yoyote, ile iko karibu na wewe."

Nilitoa kitu cha chini sana, kilichokwaruza koo. Nilitarajia aniambie nipandishe. Badala yake yeye akashuka, akaitafuta noti yangu, akaimba nami pale pale nilipokuwa, hadi sauti zetu zikawa moja na kifua changu kikatetemeka kwa namna nisiyoijua. Tangu hapo nilikwenda kwake kila mchana baada ya chakula, kwa dakika kumi. Kutoka noti ile tulikwenda ya pili, tukarudi, tukajaribu ya tatu. Haba na haba hujaza kibaba. Nilipokosea hakusema nimekosea. Alisema, "Sikiliza tena," na yeye mwenyewe akasikiliza tena, kana kwamba huenda kosa lilikuwa lake. Baadaye maishani nimekutana na walimu wengi waliojua muziki. Huyu alijua pia kungoja. Wiki ya tano akaniweka kwenye sauti ya pili, ile ya chini inayoubeba wimbo bila watu kuitambua.

Tamasha la kwaya za shule lilikuwa lifanyike Thika, na Mama aliahidi kuja kwa kuwa ukumbi haukuwa mbali na kiwanda. Wiki moja kabla, mwalimu mkuu alikuja kutusikiliza, akaninyooshea kidole mbele ya wote. "Huyu wa nyuma anakwaruza. Mtoe, tunataka kushinda."

"Nikimtoa huyu," Mwalimu Mugure alijibu bila kuinua sauti, "hawa wengine wataimba wakiogopa ni nani anafuata. Hiyo nayo itasikika."

"Basi matokeo ni yako," mwalimu mkuu alisema, akaondoka.

Tulishika nafasi ya nne, na ni kwaya tatu tu zilizosonga mbele. Mama hakuja, zamu yake ilibadilishwa asubuhi hiyo. Niliimba nikiangalia mlango, na mahali pamoja nadhani nilichelewa kuingia, ingawa Mwalimu Mugure hakuwahi kulitaja kosa hilo. Jumapili Mama alifika Mugutha na mkate, akaniomba msamaha, akataka nimwimbie. Nilisimama jikoni kwa Tata nikaimba sehemu yangu mwanzo hadi mwisho. Sauti ya pili ikiwa peke yake haifanani na wimbo. Ni kama kumsikia mtu akiongea kwenye simu bila kumsikia wa upande wa pili. Mama alisikiliza yote, mikono mapajani.

"Ni nzuri," alisema. "Na hao wengine huimbia wapi?"

"Juu yangu," nikamwambia.

Muhula uliofuata Mwalimu Mugure hakurudi. Tuliambiwa amehamishwa, na kipindi cha muziki kikawa cha hesabu. Hakuaga, au labda aliaga siku ambayo sikuwepo.

Mwaka jana nilimwona Thika, kwenye foleni ya duka la dawa, nywele zote nyeupe. Nilimwamkia, nikamtajia jina langu, shule, na hata mstari niliosimama.

"Wanjiku ni wengi, mama," alisema, akitabasamu kwa kuomba radhi. "Ulikuwa sauti gani?"

"Ya pili, Mwalimu."

"Basi ulikuwa na kazi ngumu," alisema, na foleni ikasogea.

Nilirudi Githurai 45, ninakopanga chumba, nikiwa nimeumia, sitakana. Sasa naishi na watu wengi kuliko nilivyowahi kuota nikiwa Mugutha. Ukuta mmoja tu hututenganisha. Wanajua saa ninayotoka na saa ninayorudi, na kuna siku hupita bila yeyote kuniambia neno zaidi ya salamu. Lakini kwa miezi michache ya utoto wangu alikuwapo mtu aliyetaka kujua sauti yangu ikoje, na kusahau kwake hakuifuti miezi hiyo.