Nambari Yangu ya Kililana

Mwanangu, kila nikikuona umeinamia hiyo kompyuta, naikumbuka siku moja ya ujana wangu kule Kililana. Nilikuwa napalilia simsim, na ng'ambo kisiwani Amu walikuwa wakimzika bibi yangu, aliyenilea tangu mdogo. Sikujua, mpaka mwenye bodaboda alipopita akanipa pole.

Zamani mtu akifiwa Amu, sisi wa bara tuliletewa habari na mtu aliyevuka bahari hadi gati ya Mokowe. Kisha binamu yangu Athmani akaandika programu ya kuwatumia jamaa wote ujumbe kwa mara moja. Tukaipenda sana, na mambo ya kuvuka tukayaacha.

Nilifika kaburi limeshafukiwa. Ami yangu, Bwana Shee, akaniuliza mlangoni pa nyumba ya msiba, "Mbona hukuya?" Nikamwambia sikuambiwa. Athmani akaapa kwamba nimo katika programu yake. Nilimshika mkono nikamkalisha mbele ya kompyuta yake, na kwa kweli nilitaka kumpiga.

Kumbe kila nyumba aliiwekea orodha ya nambari: ya baba, ya mama, ya watoto wakubwa. Programu ilizimimina orodha hizo zote katika orodha moja kubwa. Mimi kapera nilikuwa na nambari moja, naye aliiandika hivyo hivyo, haimo ndani ya orodha yoyote. Programu ilipotaka kuimimina ikaidhani nayo ni orodha, ikaichambua tarakimu moja moja. Ujumbe wa msiba wa bibi yangu ukatumwa kwa sifuri, ukatumwa kwa saba, ukatumwa kwa mbili.

Bwana Shee alitazama kioo, akasema polepole, "Wenye nyumba zao wamepata. Huyu mtu moya umemkata vipande."

Athmani akaizungushia nambari yangu mabano, ikawa orodha yenye kitu kimoja. Alama mbili tu, basi. Hasira ilinitoka, nikabaki na huzuni, maana mchanga wa kaburi la Bibi sikuutia.

Kwa hiyo, mwanangu, kabla hujaunganisha orodha, tazama ulichoshika ni orodha au ni kitu kimoja. Kikiwa kimoja, kitie kwanza ndani ya orodha yake. Na ukijaribu kazi yako, usiijaribu kwa nyumba zenye watu wengi tu.

Mungu akuzidishie fahamu na akulinde. Na siku yangu ikifika, habari imfikie hata yule anayeishi peke yake, awahi kunizika.