Neno Nililoahidi Kulifuta

Mimi ni mwoga. Nimeishi miaka kumi na mitatu nikifundisha vijana kugongana, na muda wote huo nimekuwa na tumbo joto.

Ni kocha wa mashambulizi katika timu ya chuo kikuu hapa Toronto, futiboli ile ya mpira wenye umbo la yai. Kocha mkuu ndiye anayepigwa picha. Mimi ndiye ninayechagua tufanye nini mpira ukiwa mikononi mwetu: nani akimbie, nani arushe, nani abaki nyuma. Hiki ni chuo changu cha nne. Vitatu vya mwanzo viliniondoa msimu ulipoisha, mara mbili kwa simu. Mke wangu alishaacha kutundika picha ukutani.

Nilipofika hapa nikajiona mjanja. Wapinzani katika mchezo huu huiba ishara, hata midomo husoma. Basi mimi, mtoto wa Dodoma, nikazipa mbinu zetu majina ya Kiswahili. "Ugali" ni kupita katikati kwa nguvu. "Dagaa" ni pasi fupi fupi. "Subira" ni ile ndefu: mrushaji anabaki nyuma peke yake na mpira, anahesabu mpaka nne ili wenzake wafike mbali, kisha anauachia. Vijana wa Kijamaika na Kiitaliano wakapiga kelele "Dagaa!" uwanja mzima, mimi nacheka. Nani wa kutuelewa?

Mrushaji wetu ni kijana wa Weston, mtaa wa jiji hilihili. Mama yake, Mkongomani wa Uvira, anahudumia wazee kwenye nyumba ya kuwatunza. Kijana anakisikia Kiswahili chote ila hujibu kwa Kiingereza. Mwanzoni mwa msimu ninaousimulia niliita Subira, akaangushwa, kichwa kikagonga ardhi. Alikaa chini akiniuliza kama tumeshakula. Akapumzishwa wiki kadhaa. Siku daktari alipomruhusu kurudi, mama yake alinijia ofisini na sare ya kazini mwilini. Nilimkaribisha kiti, hakukaa.

"Kocha, niko na huyu moja tu. Bakimuharibu kichwa, utanirudishia nini?"

"Mama, ile mbinu nimeifuta. Hutaisikia tena mwaka huu."

"Inaitwa Subira. Anajifunzaka majina ku meza, mi ndo namuuliza."

"Hutaisikia, mama."

"Mungu amekusikia," alisema, akatoka.

Mechi ya mwisho tulicheza nyumbani, alasiri ya baridi. Asubuhi yake kocha mkuu aliniambia kwamba tukishinda tutazungumza kuhusu mkataba wangu. Tukishindwa itakuwaje, hakusema, na mimi sikuuliza.

Mchezo huu una desturi yake. Timu ya nyumbani ikiwa na mpira, mashabiki wake hunyamaza ili wachezaji wasikie wanachoambiwa. Kelele ni za kumchanganya mgeni. Kwa hiyo kila nilipoita jina, lilisikika mpaka jukwaani.

Katika kipindi cha pili niliita "Ugali." Namba arobaini na nne wa wapinzani, aliyeongoza ulinzi wao, akasogea katikati kabla mpira haujaguswa. Nikaita "Dagaa." Akarudi hatua mbili, akawaonyesha wenzake kwa mkono pa kusimama. Nilimtazama, naye akaniinamishia kichwa kidogo, kama mtu anavyomwamkia mjomba wake.

Jamani, ujinga huu hata mtoto asingeufanya. Kiswahili kimejaa katika maghorofa ya kando ya mto, kanisani, kwenye foleni ya basi. Nilikigeuza siri kitu ambacho nusu ya jirani zangu wanakitumia kuombea chakula. Ilinipasa kumwambia kocha mkuu palepale. Sikumwambia, maana ningekiri kwamba ujanja wangu wote ulikuwa upumbavu. Niliendelea kuita.

Zikabaki sekunde chache. Tulikuwa nyuma kwa pointi nne, tumebakiwa na jaribio moja, na haki ya kusimamisha mchezo tulishaimaliza. Vijana wamejipanga, wananitazama. Mstari wao wa mwisho ulikuwa mbali, na mbinu ya kutufikisha huko ilikuwa moja tu. Nilijua arobaini na nne akilisikia neno lile atamwendea kijana mbio, na kijana atakuwa amesimama akihesabu. Nilijua yote hayo. Nikaifikiria simu, nikayafikiria masanduku, nikamfikiria mke wangu na kuta zake tupu. Uwanja ulikuwa kimya.

Nikapaza sauti: "Subira!"

Kijana alinigeukia mara moja tu. Kisha akaupokea mpira, akarudi nyuma, akasimama.

Ndipo sauti ya mwanamke ikatoka jukwaani, peke yake katika kimya kile, ikimwita mwanawe vile kina mama wa Kikongo wanavyowaita watoto wao wa kiume: "Kimbia, papa! Kimbia! Anakuya!"

Akakimbia. Aliitupa mbinu yangu, akakata pembeni na mpira kwapani mpaka akavuka mstari wa kando, nje ya uwanja. Arobaini na nne alipita pale kijana alipokuwa amesimama, akatua kifudifudi kwa kishindo nilichokisikia nilipo. Filimbi ikalia. Tulikuwa tumeshindwa.

Kocha mkuu akaja akanishika bega, macho mekundu. Alisema nimefanya uamuzi wa mtu mzima, kumtoa kijana kwenye hatari badala ya kukimbilia ushindi. Hajui Kiswahili hata neno, na majina ya mbinu aliniachia mimi. Alidhani mimi ndiye niliyeita mbio. Alisema watu wa namna yangu ndio anaowataka, na wiki iliyofuata nikasaini mkataba wa miaka miwili, wa kwanza wa aina hiyo maishani mwangu. Sikumsahihisha. Nilisema asante.

Jumapili baada ya mechi ile, mama wa kijana alinikuta mlangoni mwa kanisa. Nilitamani ardhi ipasuke. Alinipa mkono, akaushikilia wangu.

"Sikuambia mutu," alisema. "Hata kocha yako mukubwa. Lakini nilisikia."

Huu ni msimu wa pili tangu siku ile. Mbinu zetu siku hizi ni namba, tena naziandika ubaoni. Mke wangu ametundika picha sebuleni, na kila nikizitazama naogopa. Kijana bado yuko nasi, hajawahi kunitajia siku ile. Mama yake hukaa palepale kila mechi, safu ya tatu. Mashabiki wakinyamaza, zamu yangu ya kuchagua ikifika, mimi hutazama kule kwanza. Kila mara namkuta ananitazama mdomoni.