Mbasa wa Winifrida

Mtu akikusimulia kwamba Wanyasa na Wamatengo walipatana pale kwetu Liuli, kando ya ziwa, kwa nyimbo na vigelegele, mwambie amedanganywa. Mimi nilikuwapo, nimeziba pua.

Winifrida alikuwa Mnyasa, Mwanglikana, mchuuzi wa usipa, dagaa wa ziwa letu. Soko huria lilipokuja akaanza kupanda na magunia hadi Mbinga milimani, kwa Wamatengo. Kisha kipindupindu kikazuka huku ziwani, watu wa milimani wakaanza kuogopa samaki wetu. Asubuhi moja Ottilia, mama wa Kimatengo aliyeuza maharage meza ya jirani, alilibeba gunia la Winifrida akalimwaga lote matopeni.

"Rudini kwenu na uvundo wenu," alisema.

Sokoni pale walijaa Wakatoliki wa kila Jumapili, na hakuna aliyefungua mdomo. Nikikumbuka, damu inanichemka hadi leo. Sisi nasi hatukuwa malaika. Tangu hapo Mmatengo aliyeshuka Liuli kuuguza mtu wake hospitali hakupata kwetu hata jiko la kuazima.

Ikafika Jumapili ya sadaka ya mavuno. Winifrida alileta mbasa, samaki wa heshima wa ziwa letu, mbichi, mnene, wa kutazamwa na kila mtu. Padre Cuthbert akasoma yale maneno ya Bwana: ukikumbuka ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka yako mbele ya madhabahu, uende kwanza ukapatane naye. Winifrida alisimama amenuna, akamlaza mbasa kwenye ngazi ya altare.

"Padre, asiguswe mpaka nirudi."

"Unakwenda wapi, mama?"

"Si umesoma mwenyewe? Nakwenda Mbinga."

Kesho yake nzi walijaa. Wazee wa kanisa waligomba, lakini Padre alikataa samaki aondolewe. Angemwondoaje, na maneno ameyasoma yeye?

Huko milimani Winifrida alimkuta Ottilia akilima ngolo, yale mashimo ya Kimatengo kwenye miteremko.

"Nimekuja tupatane," alisema. "Sikupendi, Ottilia, na hasira haijaniisha. Ila sadaka yangu iko altareni inaoza."

Ottilia hakuweka jembe chini. "Hata mimi nina hasira. Mdogo wangu Vitalia alikuja kwenu na mtoto mgonjwa. Mvua inanyesha, mkamfungia milango. Alilala nje."



"Mlango mmoja ulikuwa wangu," alisema Winifrida.

Hapo Ottilia akaliweka jembe. "Huyo samaki yuko wapi?"

Walishuka kwa lori. Tulikuwa tumejaa mlangoni mwa kanisa, tunatema mate kwa ile harufu. Ottilia alipita katikati yetu, akapiga ishara ya msalaba, akavua kanga mabegani. Yule yule aliyetuita uvundo alimfunga mbasa katika kanga yake, akamkumbatia kifuani akatoka naye, maji yanamchuruzikia tumboni. Nyuma ya kanisa alichimba shimo, akatandika nyasi kama afanyavyo kwenye ngolo zake, akamzika.

"Huyo ndiye aliyenuka," Winifrida alimwambia. "Usipa wangu haukunuka."

"Haukunuka," alisema Ottilia. "Nilikosa."

"Twende kwangu ukafue hiyo kanga."

Walipofika, Winifrida aliusukuma mlango kwa hasira hadi ukagonga ukuta. Ottilia akaingia. Mlango ukaachwa wazi.