Mkwe Asiyeandikika

Ikupa anachapa barua na fomu za watu hapa Tunduma, mpakani na Zambia, mlango wa pili kutoka duka langu la vitenge, na tangu abuni mfumo wake wa kumbukumbu hatuna raha. Zamani ukimdanganya, anasahau. Siku hizi anabonyeza vitufe viwili, anaandika jina lako, kisha anakusomea: "Mama Edson, tarehe tisa ulisema umeacha kitimoto. Leo ni tarehe kumi na mbili."

Mfumo wenyewe hauna makuu. Ni faili moja refu kwenye ile programu nyepesi ya kuandikia, isiyo na rangi wala mapambo. Kila jambo lina mstari wake: tarehe, kisha alama ya reli imeshikana na jina la mtu, kisha habari yake. Ukitaka habari za jirani yetu Roda unatafuta #roda, zinakuja zote zimejipanga. Alijaribu mitindo minne, akaifuta yote, na alipoupata huu wa tano alitembea kama mtu aliyejifungua mapacha. Nilimwonea wivu, sifichi. Kumbukumbu zangu mimi ziko kwenye vipande vya boksi.

Shida ilikuwa mtu mmoja tu: baba mkwe wake, mzee Yesaya, aliyeshuka kutoka kijijini Ibaba kuja kukaa kwao macho yalipoingia ukungu. Kwa watu wa kwao, mke wa mtoto hamtaji baba mkwe kwa jina, hamgusi, hata kumsalimia uso kwa uso hamsalimii. Ikupa amesoma, lakini kwenye hilo hana mchezo. Miaka saba ya ndoa hajalitamka jina lile, na kuliandika aliona ni kulitamka kwa vidole.

Akaanza kumwandika #mkwe. Wiki haikuisha, akaja dukani kwangu amenuna. "Nikiandika mkwe naiona sura yake. Limeshakuwa jina lake hilo." Akabadilisha. Jipya nalo likazoeleka, akabadilisha tena. Mumewe Barnaba, dereva wa lori, akampigia kutoka Ndola: "Andika tu, mama Gloria. Kompyuta haina masikio." Akamjibu kwamba yeye anayo.

Ndipo ikatangazwa kuwa madaktari wa macho wanakuja hospitalini kwetu kwa siku mbili kuondoa mtoto wa jicho, kwa waliojisajili kwa simu tu. Mzee alikuwa na hamu moja: kumwona mjukuu wake Gloria, ambaye anamjua kwa kumpapasa kichwa. Ikupa akapiga simu. Alipoulizwa jina la mgonjwa akababaika, akataja lililomjia mdomoni, akaambiwa tayari.

Siku ikafika. Mimi nilimshika mzee mkono, Ikupa akatufuata hatua kumi nyuma, kompyuta kwapani. Nikamkalisha mzee kwenye benchi, nikaenda dirishani kulitaja jina lake halisi. Nesi akapitisha kalamu kwenye orodha mara mbili. "Yesaya hayupo. Na asiyekuwepo humu asubiri mwakani."

Ikupa akafungua faili, akatafuta neno macho. Mstari ukaja: "#yule amesajiliwa macho, kwa jina lile la juzi." La juzi lilikuwa lipi? Hakuna aliyejua, mwandishi mwenyewe akiwemo. Nikamwomba nesi atusomee orodha, akasema hasomi majina ya wagonjwa hadharani. Hapo nilikasirika kweli. Mzee wa watu akae gizani mwaka mzima kwa sababu ya heshima?

"Basi soma wewe," nikamwambia Ikupa. "Yote uliyowahi kumwita. Soma."

Akasoma, jasho likimdondokea kwenye vitufe. "Mwenye Koti la Kijani?"

"Hayupo," akasema nesi.

"Mzee wa Kikohozi?"

"Hayupo."

"Asiyetaka Maharage? Anayekoroma Kuliko Lori?"

Foleni nzima ilisogea kusikiliza, watu wamesahau macho yao. Mzee pale kwenye benchi ameinamia fimbo yake, na masikio yake hayana ukungu hata kidogo. Ikupa alifika la ishirini na kitu, akataka kuifunga kompyuta. Nilimhurumia, lakini sikumruhusu aache.

"Mzee Shikamoo?"

Nesi akainua kalamu. "Mzee Shikamoo yupo. Namba kumi na nne. Nilidhani ni mtu wa Zambia."

Ikupa akaegemea ukuta, akafunika uso kwa kanga. Nikaenda kumwinua mzee. Tulipofika mlango wa chumba cha upasuaji akasimama, akageuzia uso wake ukutani, kama inavyompasa, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka dirishani:

"Marahaba, mama. Ila lile la maharage lifute. Siku ile yalikuwa hayajaiva."